Mwuzaji na Asili ya Mnyama: Somo Juu ya Minada ya Reptilia Katika Intaneti

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kisarawe kwa njia ya Pugu hupita karibu na mahali pawili ambapo ni nadra kutajwa pamoja. Mahali pa kwanza ni mnada wa mifugo wa Pugu, ambako ng'ombe, mbuzi na kondoo kutoka mikoa ya kati na Kanda ya Ziwa hufikishwa ili kulisha jiji. Mahali pa pili, mbele kidogo, ni vilima vilivyofunikwa na mabaki ya msitu wa kale wa pwani, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi. Mnadani huuzwa wanyama ambao mwanadamu amewafuga tangu zama za mababu. Msituni huishi wanyama wasio na mfugaji, na miongoni mwao wamo vinyonga, mijusi, kenge na nyoka, yaani wanyama watambaao, au reptilia kwa jina la kitaalamu.

Wanyama hawa wa kundi la pili nao sasa hunadiwa, ila mnada wao hauna uwanja, vumbi wala kelele. Hufanyika katika intaneti. Mwuzaji yuko nchi moja, wanunuzi wako nchi kumi, na mnyama mwenyewe yumo ndani ya kasha la plastiki katika chumba kisichojulikana. Makala haya yanaeleza wajibu wa mwuzaji katika mnada wa namna hiyo, na kwa nini wajibu huo ni mzito kuliko wa mwuza ng'ombe.

Yafaa kwanza kumtazama mnunuzi wa Pugu. Ingawa soko lile huitwa mnada, bei aghalabu huamuliwa kwa mapatano kupitia madalali, wala si kwa kushindana kwa sauti. Lakini hilo si kitu. Lililo muhimu ni kwamba mnunuzi amesimama mbele ya mnyama. Humfunua mdomo akatazama meno, humwendesha hatua kadhaa, hugusa mbavu, huangalia macho na kwato. Zaidi ya hayo, yuko ofisa wa mifugo, na kuna kibali cha kusafirishia kinachoonyesha mnyama ametoka wapi. Mwuzaji mjanja aweza kumnywesha ng'ombe maji mengi ili aonekane mnene, na mnunuzi mzoefu huijua hila hiyo. Kwa hiyo ujuzi wa pande mbili hukaribiana, na palipo na ujuzi unaokaribiana udanganyifu hauendi mbali.

Mnada usio na uwanja

Katika mnada wa intaneti mwuzaji hupiga picha ya mnyama, akaandika jina la spishi, jinsia, umri, urefu na maneno machache juu ya asili yake. Hutaja bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Wanunuzi, wawe Hamburg, Osaka au Chicago, hupandisha dau mmoja baada ya mwingine, na aliye na dau la juu saa inapofika ndiye mshindi. Soko kubwa la minada la eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, lina kanuni zinazokataza kuuza wanyama hai walio wengi. Kwa sababu hiyo biashara ya reptilia imehamia katika masoko maalumu ya wapenzi wa wanyama hao, katika mitandao ya kijamii, na katika makundi ya faragha ya simu za mkononi, ambamo mgeni haingii bila kujulishwa na mwenyeji.

Ukubwa wa biashara hii ulionyeshwa mwaka 2020 na watafiti Benjamin Marshall, Colin Strine na Alice Hughes, waliochunguza matangazo ya intaneti ya lugha tano. Walikuta kwamba spishi 3,943 za reptilia zimewahi kuuzwa, nazo ni zaidi ya asilimia 35 ya reptilia wote wanaojulikana na sayansi. Takriban robo tatu ya spishi hizo hazikuwamo katika kanuni zozote za biashara ya kimataifa. Msomaji asidhani, basi, kwamba jambo hili lahusu chatu na kobe wachache. Lahusu pia mjusi mdogo wa ukutani ambaye hapa nchini hakuna aliyewahi kufikiri kuwa ana bei.

Tatizo la msingi la mnada huu lilikwisha kuelezwa na mchumi wa Marekani, George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, makala ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi. Ikiwa mwuzaji anajua gari ni bovu na mnunuzi hawezi kutambua, mnunuzi hatakubali kulipa bei ya gari zima, kwa kuwa huenda akauziwa bovu. Mwenye gari zima huona bei haimfai, akaliondoa sokoni. Yanabaki mabovu. Hivyo soko lisilo na njia ya kuthibitisha ukweli huwafukuza waaminifu kwanza.

Sasa badala ya gari awekwe mjusi. Mfugaji mwaminifu hununua taa, chombo cha kupima joto, chakula na dawa. Hungoja mayai yaanguliwe. Hulea vifaranga kwa miezi. Mwuzaji wa pili hununua mjusi aliyekamatwa msituni kwa bei ya soda, akampumzisha siku chache, akampiga picha juu ya kitambaa cheusi. Katika skrini wanyama hao wawili hawatofautiani. Wa pili aweza hata kupendeza zaidi, maana rangi ya mnyama wa porini mara nyingi huwa kali. Mwuzaji wake humudu kuuza kwa bei ya chini na bado akapata faida kubwa.

Wengine husema dawa ya jambo hili ni sifa ya mwuzaji: kila mnunuzi hutoa maoni yake, na mwenye nyota nyingi huaminiwa. Rai hiyo ina ukweli nusu. Mnunuzi hupima alichokiona. Kifurushi kimefika mapema? Mnyama yu hai? Anakula? Kama majibu ni ndiyo, nyota tano hutolewa. Mnunuzi huyo hakuuona msitu, wala hana njia ya kuupima. Mwuzaji aweza kuwa na sifa isiyo na doa kwa miaka kumi huku kila mnyama aliyemwuza akiwa ameibwa.

Mjusi wa Kimboza

Mfano ulio dhahiri kuliko yote hauko mbali na Kisarawe. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Kibaha na Dar es Salaam, una vyanzo vyake katika milima ya Uluguru. Chini ya milima hiyo, upande wa Morogoro Vijijini, uko msitu mdogo wa Kimboza wenye eneo la hekta 400 hivi, uliosimama juu ya mawe ya chokaa. Humo huishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu ing'aayo kama anga baada ya mvua, na jike lake ni la kijani. Jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi. Alielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1952. Hukaa hasa juu ya miti ya jamii ya mkadi, katika kikonyo cha majani yake marefu yenye miiba, na nje ya Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani hapatikani mahali pengine popote duniani.

Kwa zaidi ya nusu karne mjusi huyu aliishi bila kusumbuliwa na biashara. Kisha picha zake zikaanza kuonekana katika intaneti, na wapenzi wa reptilia wa Ulaya, Marekani na Japani wakamtaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa msituni mijusi wasiopungua 32,310, na huenda wakafikia 42,610. Hao walikuwa sawa na takriban asilimia 15 ya mijusi wote wa spishi hiyo waliokuwako wakati ule. Na kwa kuwa mjusi hujificha juu ya mkadi, wakusanyaji hawakupanda, walikata mti. Kila mkupuo wa mijusi uliotoka Kimboza uliacha nyuma makao yaliyoangushwa, ambayo hata mijusi waliosalimika hawangeweza kuyatumia tena.

Hapa ndipo swali la maadili ya mwuzaji linapokaza. Serikali ya Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kusafirisha spishi hii nje. Waliotoka walitoka kwa magendo, au kwa karatasi zilizotaja jina la mijusi wengine wa jamaa yake walio wa kawaida. Hata hivyo katika masoko ya Ulaya waliuzwa hadharani. Mwuzaji wa kule hakuvunja sheria ya nchi yake, kwa sababu wakati huo spishi hiyo haikuwa imeorodheshwa popote. Aliweza kusema kwa kinywa kipana kwamba biashara yake ni halali. Umoja wa Ulaya ulimweka mjusi huyu chini ya udhibiti wake mwishoni mwa mwaka 2014. Mkutano wa mataifa wa mwaka 2016 mjini Johannesburg ulimwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea Iliyo Hatarini Kutoweka, ujulikanao kwa kifupi cha CITES, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo biashara ya kimataifa ya wale wa porini imekatazwa kabisa.

Zimepita basi zaidi ya miaka kumi na miwili kati ya ukusanyaji ule na sheria. Katika pengo la namna hiyo hakuna askari, hakimu wala forodha. Kuna mwuzaji peke yake na anachokijua.

Yapo mabishano ya kweli juu ya vizazi vilivyofuata. Mfugaji wa Ujerumani anayeuza leo kifaranga cha kizazi cha nne huuza mnyama ambaye kweli hakuuona msitu. Je, ametenda kosa? Wapo wasemao kwamba kila kifaranga kinachozaliwa katika kasha hupunguza haja ya kwenda Kimboza, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mjusi wa Kaledonia Mpya aitwaye Correlophus ciliatus, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994, leo hufugwa kwa wingi duniani, na watu wanaomtaka hawana sababu ya kumfuata kisiwani kwake. Lakini ufugaji hupunguza mzigo wa msitu pale tu ambapo aliyezaliwa katika kasha aweza kutofautishwa na aliyekamatwa. Asipoweza kutofautishwa, kila kifaranga halali huwa pazia la wasio halali. Kwa hiyo hata mfugaji mwaminifu ana deni: kuonyesha kumbukumbu za ukoo wa mnyama hadi kwa wazazi wa kwanza, na kukiri walitoka wapi. Kwa mjusi wa Kimboza kukiri huko ni kuchungu, kwa kuwa nasaba zote huishia katika kifurushi kilichotoka Tanzania bila kibali.

Hesabu ya mayai

Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, hutumia herufi kuonyesha asili ya mnyama. Herufi W ni ya mnyama aliyetwaliwa porini. R ni ya yule aliyetwaliwa akiwa yai au kifaranga, akalelewa chini ya uangalizi. F ni ya aliyezaliwa kizuizini lakini hajatimiza masharti yote ya ufugaji kamili. Na C ni ya aliyezaliwa kizuizini kwa wazazi wa kizuizini, katika kituo kilichothibitika kuweza kuzalisha kizazi baada ya kizazi. Tofauti ya herufi moja yaweza kuwa tofauti ya kibali na kunyimwa kibali. Kishawishi cha kuandika C mahali pa W ni kikubwa.

Hata hivyo baiolojia hutoa njia ya kuhakiki, na njia hiyo haihitaji maabara. Inahitaji hesabu za darasa la sita. Mijusi wa jamii ya mjusi wa Kimboza hutaga mayai mawili kwa mara moja. Tuseme mwuzaji anadai kwamba ana majike 20 na kwamba huuza vifaranga 600 kwa mwaka. Kila jike, basi, limetoa vifaranga 30, yaani limetaga mara 15, sawa na mara moja kila siku 24, mwaka mzima bila kupumzika, na bila yai moja kuharibika wala kifaranga kimoja kufa. Mfugaji yeyote ajua kwamba hilo haliwezekani. Ikiwa robo ya mayai hupotea, kila jike sharti litage mayai 40, yaani mara 20 kwa mwaka, au kila baada ya siku 18. Anayeuliza maswali haya matatu, idadi ya majike, idadi ya mayai kwa mara moja, na sehemu inayopotea, tayari ameanza kumkagua mwuzaji.

Kwa kobe bapa wa nchi kavu, Malacochersus tornieri, hesabu huwa kali zaidi. Kobe huyu wa Tanzania, Kenya na Zambia ana gamba laini lililo tambarare, na anapoogopa hujipenyeza katika ufa wa mwamba badala ya kujikunyata. Kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara moja, na huchukua miaka kufikia umri wa kuzaa. Banda lililofunguliwa mwaka jana haliwezi kuuza mamia ya makobe waliozaliwa humo mwaka huu. Wakusanyaji wa kobe huyu hubandua miamba ili kumtoa, na ufa uliobomolewa haujirudii. Mwaka 2019 naye aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza.

Hesabu za namna hii zimewahi kufichua mengi. Jessica Lyons na Daniel Natusch walipochunguza biashara ya chatu wa kijani wa Indonesia, walikadiria katika makala yao ya mwaka 2011 kwamba wasiopungua asilimia 80 ya chatu waliosafirishwa kwa jina la waliozaliwa kizuizini walikuwa wametwaliwa porini. Pendekezo lao mojawapo lilikuwa jepesi mno: mfugaji atunze maganda ya mayai, yahesabiwe. Panapo vifaranga mia sharti pawe na maganda mia. Yako pia majaribio ya maabara, ambayo hupima aina za kaboni na nitrojeni katika magamba au katika ngozi iliyoambuliwa. Mnyama aliyelishwa senene wa kufugwa katika kasha hubeba mwilini alama isiyofanana na ya mnyama aliyewinda msituni. Lakini gharama ya kipimo hicho ni kubwa kuliko bei ya mijusi wengi, na hapana mwuzaji atakayekilipia kwa hiari.

Bei ya uadimu

Katika biashara nyingi bidhaa ikipungua, bei hupanda, na gharama ya kuitafuta ikiwa kubwa kuliko bei, watu huiacha. Kwa desturi wanasayansi walidhani kwamba kanuni hiyo ingewalinda wanyama adimu: mwindaji angechoka kabla ya mnyama wa mwisho. Franck Courchamp na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba kinyume chake chaweza kutokea pale ambapo uadimu wenyewe ndio unaotafutwa. Kadiri mnyama anavyopungua ndivyo wakusanyaji wanavyomtamani, na bei hupanda haraka kuliko gharama ya kumtafuta. Hapo hakuna breki mpaka mnyama aishe.

Mnada ni chombo kilichoundwa barabara kwa ajili ya kuchochea moto huo. Dukani bei imeandikwa, mtu hulipa au huondoka. Mnadani kuna mshindani, na kuna saa inayokwenda. Mwuzaji anapoandika kwamba huyu ni wa mwisho kabla ya sheria mpya, au kwamba ametoka katika kilima fulani ambako hawatapatikana tena, hatoi taarifa tu. Anaugeuza msiba wa spishi kuwa sifa ya bidhaa. Hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote katika minada hii, na ni mbaya hata pale ambapo kila neno la tangazo ni la kweli. Hila nyingine, kama kuwaweka rafiki zake wapandishe dau la uongo, au kutumia picha moja kwa wanyama kumi, ni ulaghai wa kawaida unaojulikana katika kila soko, na sheria za kawaida zaweza kuushughulikia.

Wanasayansi nao hawawezi kujitenga na jambo hili. Bryan Stuart na wenzake walieleza mwaka 2006 yaliyowapata wanyama wawili baada ya kutambulishwa rasmi kwa ulimwengu: kobe wa majini wa kisiwa cha Roti, Indonesia, aliyeelezwa mwaka 1994, na mjusi Goniurosaurus luii wa kusini mwa China, aliyeelezwa mwaka 1999. Majarida ya kisayansi yalitaja mahali walipoishi. Wafanyabiashara walisoma. Bei zao ng'ambo zilifika kati ya dola 1,500 na 2,000 kwa mnyama mmoja, na mjusi yule akamalizwa kabisa mahali pale pale alipopatikana mara ya kwanza. Tangu hapo watafiti wengi huacha kuchapisha mahali hasa wanapoishi wanyama wapya.

Dhamana ya kufika hai

Wauzaji wengi hutangaza kwa fahari kwamba mnyama akifika amekufa, mnunuzi atarudishiwa fedha au ataletewa mwingine. Wanunuzi huiona ahadi hiyo kuwa alama ya uungwana. Kwa upande wa fedha ni haki kabisa. Lakini ikitazamwa kwa makini, ahadi hiyo yasema jambo lingine: kwamba kifo kimekwisha kuingizwa katika hesabu, kama vile mwuza nyanya anavyohesabu zile zitakazooza njiani. Kama kinyonga hununuliwa kwa senti na kuuzwa kwa dola mia, mwuzaji aweza kupoteza wanne kati ya watano na bado akapata faida. Anayelipia hasara hiyo si mwuzaji wala mnunuzi. Msitu ndio unaolipa, kwa kutoa kinyonga mwingine.

Kiasi gani hufa? Mwaka 2009 maofisa waliingia katika ghala la mfanyabiashara mmoja wa jumla huko Arlington, Texas, wakakuta wanyama zaidi ya 26,000 wa spishi 171, reptilia wakiwa sehemu kubwa. Uchunguzi uliochapishwa baadaye ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 yao walikuwa wagonjwa, wameumia au wamekufa, kwa kiu, njaa, msongamano na joto lisilofaa. Ghala lile lilikuwa la biashara iliyosajiliwa, si la wezi wa usiku. Wale wa magendo husafiri vibaya zaidi, wakifungwa ndani ya soksi na kutiwa katika mifuko ya nguo au vifurushi vya posta. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ifahamike, hukubali viumbe hai wachache tu, kama nyuki, ruba na viwavi wa hariri. Kinyonga hayumo.

Sheria na mtu wa Kisarawe

Hapa nchini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kinyonga aliye juu ya mwembe wa mtu huko Kisarawe si mali ya mwenye mwembe. Machi 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwanzoni mwa Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama mabandani wangepewa miezi sita ya kuwaondoa. Tangazo hilo likazua malalamiko mengi, na baada ya siku chache Waziri wa Maliasili na Utalii akalisitisha. Msomaji apendaye kujua ugumu wa jambo hili na aitafakari hali ya miaka ile sita: wanyama wamo mabandani, wanakula, wanazaa, wanakufa, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika yupi aliingia kabla ya marufuku na yupi baada yake.

Sheria, hata hivyo, humkuta mtu wa kijijini akiwa wa kwanza, na mnadi wa ng'ambo akiwa wa mwisho. Kijana anayeambiwa na mgeni kwamba kila kinyonga ni shilingi elfu moja hajui kwamba kinyonga huyo ataandikwa katika skrini kwa bei ya mshahara wa mwezi. Hajui pia kwamba ndiye atakayekamatwa. Katika pwani yetu wapo wanaomwogopa kinyonga, hata huamini kuwa mate yake ni sumu. Imani hiyo haina msingi wowote, ingawa pengine imemlinda mnyama huyo kuliko askari. Siku woga huo ukishindwa na fedha hakuna kilichobaki kati ya msitu na mfuko.

Ndiyo maana mzigo wa uthibitisho hauna budi kuwekwa juu ya mwuzaji, kwa kuwa ndiye peke yake aliye karibu na asili ya mnyama kiasi cha kuijua na karibu na fedha kiasi cha kuilipia. Mwuzaji mwadilifu huandika herufi ya asili na namba ya kibali katika tangazo lenyewe, si baada ya mnada kufungwa. Hutaja alikozaliwa mnyama na idadi ya wazazi alionao. Hupiga picha ya mnyama yule yule anayeuzwa, karibu na gazeti au karatasi yenye tarehe. Hueleza ni wangapi waliomfia mwaka uliopita. Hatumii neno adimu kama kivutio. Na kama hajui mnyama ametoka wapi, hamwuzi. Kutojua si utetezi kwa mtu ambaye kazi yake ni kujua.

Kuna upande mmoja wa jambo hili unaowahusu watu wasiouza chochote. Wanafunzi na wageni wengi hutembelea Pugu-Kazimzumbwi, na aghalabu hurudi na picha za vinyonga na nyoka katika simu zao. Simu nyingi huandika ndani ya picha vipimo vya mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache, bila mwenye simu kuambiwa. Picha hiyo ikipelekwa kwa njia isiyoviondoa vipimo hivyo, mkusanyaji hahitaji kuuliza wenyeji, ramani anayo. Katika mipangilio ya kamera ya simu kuna sehemu ya kuzima uandikaji wa mahali, na yapasa izimwe kabla ya kuingia msituni. Katika maelezo ya picha jina la wilaya latosha.